Utajuaje Kama Kasiki Imekauka?

Swali lililoniondolea usingizi majira mazima ya baridi lilikuwa dogo mpaka nikaona aibu kulitamka. Ukishafunga chombo cha chuma kisicho na dirisha, chombo ambacho pengine hakitafunguliwa tena ukiwa hai, utajuaje kwamba ndani hakuna maji? Sisemi maji ya kujaza ndoo. Nasema vikombe vichache tu, vilivyojificha kwenye kona ya bomba, chini kabisa. Utajuaje?

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, nawaandikia kama mstaafu. Chekeni tu, sijafika hata miaka thelathini. Lakini mradi wetu wa majaribio ulipomalizika mwaka huu wa 2019, nami nikapata nafasi ya kufundisha chuoni, wenzangu wa karakana walininunulia keki, wakanivisha blanketi mabegani, wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki na kunipigia makofi kama bibi anayepokea pensheni yake ya kwanza. Sipho, fundi wetu wa mabomba kutoka Soweto, akatoa hotuba. "Dada huyu," alisema, "amefanya kazi miaka minne kwa mikono na arobaini kwa kichwa. Mwacheni apumzike."

Basi nikiwa na blanketi langu, niwaambie machache.

Naitwa Sikudhani. Mama yangu ni mtu wa Morogoro. Baba ni mzaliwa wa huku Afrika Kusini aliyekimbilia Tanzania enzi za ubaguzi, akaoa huko, kisha akarudi na familia kabla mimi sijajua kutembea. Tukakaa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg. Mama alinipa jina hilo kwa kuwa hakudhani angepata mtoto tena, na mimi tangu nizaliwe sina kazi nyingine ila kudhani. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia jiko. Nikituma ujumbe wa maneno mawili nausoma tena kuona kama una matusi. Katika kazi nyingi huo ni ugonjwa. Katika kazi yetu ni nusu ya sifa, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonitoa jasho.

Mama anauza vitenge katikati ya jiji, kwenye chumba cha juu cha jengo ambalo Jumapili hugeuka kanisa. Siku ya kwanza nilipowaeleza wateja wake kwamba nimeajiriwa kwenye usalama wa fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika, mshonaji mmoja kutoka Bukavu alisogeza kiti chake mbali nami, polepole, kwa adabu.

Nikawaeleza hivi. Kituo cha nyuklia huchemsha maji kwa joto la urani iliyopangwa ndani ya mirija myembamba ya chuma. Mirija ikichoka, haifai tena kuzalisha umeme, ila bado ina joto na bado inatoa mionzi ya hatari. Kwa hiyo inazamishwa kwenye bwawa lenye kina kirefu, miaka mingi, ipoe. Ikishapoa vya kutosha inahamishiwa kwenye kasiki, yaani chombo kinene cha chuma kirefu kuliko chumba cha kulala. Kasiki inafungwa mfuniko mzito, inakaushwa ndani, inajazwa gesi ya heliamu isiyoshikana na kitu wala kuleta kutu, kisha inasimamishwa juu ya sakafu ya zege, ndani ya ukuta wa zege wenye matundu ya hewa chini na juu. Hapo inakaa miaka na miaka, hewa ya kawaida ikiipoza kwa nje.

"Kama hotpoti ya chapati," mama akasema.

"Hapana, mama. Hotpoti inazuia joto lisitoke. Kasiki inataka joto litoke, ila kilichomo kisitoke."

"Na umeme ukikatwa?" akauliza yule mshonaji. Ulikuwa mwaka 2015, jiji zima likikatiwa umeme kwa zamu.

"Haitumii umeme. Haina feni wala pampu. Hewa baridi inaingia kwenye matundu ya chini, inapata joto, inapanda yenyewe na kutokea juu."

Mshonaji akarudisha kiti chake karibu. "Basi waambie hao wakubwa zako watutengenezee friji za namna hiyo. Mwezi huu nimetupa samaki mara mbili."

Huku Johannesburg hatukuwa na hata kipande kimoja cha fueli halisi. Karakana yetu ilikuwa kusini mwa jiji, upande wa vilima vya mchanga wa machimbo ya zamani, na kasiki zetu zilikuwa za majaribio. Ndani ziliwekwa mirija ya bandia, na hita za umeme ziliiga joto la fueli. Kila hatua tuliifanya kwanza kwetu, tukaikosea kwetu, ili atakayeifanya penye mionzi asikutane na jambo geni.

Na kukosea tulikosea. Mwezi wa nane, upepo wa Johannesburg unapoamka na vumbi la njano, kasiki yetu moja ya uani ilianza kupanda joto kidogo kidogo. Nikaketi kwenye kompyuta. Nikarudia hesabu za mtiririko wa hewa, nikabadilisha vipimo vya ukuta wa zege, nikamwandikia mtengenezaji wa vipima joto, na ilipofika Ijumaa nilikuwa nimeanza kuishuku fizikia yenyewe. Mwishowe nikatoka nje nikapiga magoti mbele ya matundu ya chini. Ndani ya tundu moja palikuwa na mfuko wa plastiki wa spaza, yaani kiduka cha mtaani, na juu yake nyasi kavu zilizoletwa na upepo zikajazana kama godoro.

Sipho alinikuta bado nimepiga magoti. "Eish, dada, unaiombea?"

"Naizibua pua."

Tangu siku hiyo nilikuwa na tochi na brashi ndefu mezani, kando ya kompyuta. Nanyi wekeni. Watu wakisikia "usalama wa miaka mingi" wanafikiria kuta nene. Kuta ni nene, ni kweli, lakini miaka mingi imetengenezwa kwa siku za kawaida ambazo mtu anakwenda kutazama tundu.

Jambo jingine la kujua ni chumvi. Kasiki nyingi duniani zinakaa karibu na bahari, kwa sababu vituo vyenyewe vinahitaji maji mengi. Chuma kile mnachoambiwa hakishiki kutu, chumvi ikikaa juu yake kando ya mahali palipochomelewa, kinaweza kupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Kutu inakupigia kelele, ufa haukupigii. Tulikuwa na kabati la kupulizia vipande vya chuma ukungu wa maji ya chumvi, na Sipho alilibatiza Durban, jina la mji wa pwani. Ukimtafuta unaambiwa amekwenda Durban. Mgeni mmoja wa ofisi kuu aliwahi kulalamika kwamba fundi wetu anasafiri mno kwa muda wa kazi.

Sasa niwaambie habari za Papa Ilunga, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaandikia.

Papa Ilunga alikuwa kiongozi wa majaribio, mhandisi wa metali kutoka Lubumbashi, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani ambayo daima alikuwa akiitafuta. Na wenzetu alizungumza Kiingereza. Na mimi alizungumza Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani, nami nikamjibu kwa cha mama yangu. Akisema "batu", mimi nasema "watu", kazi inaendelea. Yeye ndiye aliyenifundisha kutogusa kamwe uso wa gasketi, ile pete ya kuziba chini ya mfuniko, kwa kidole kitupu, kwa kuwa jasho la kidole ni chumvi, na chumvi itabaki pale mfuniko ukishafungwa. Alinifundisha kukaza bolti kwa kuvuka, hii kisha ile ya upande wa pili, kidogo kidogo, kama mtu anayefunga mzigo asitake uegemee. Na nilipoanza kuuliza maswali yasiyoisha, alinunua kipima muda cha jikoni akakiweka mezani kwake. "Ma fille, binti yangu, uliza. Kengele ikilia, unaenda kufanya kazi."

Ni yeye aliyebuni njia ya kukausha haraka.

Kukausha kasiki kunakwenda hivi. Kasiki hupakiwa fueli ikiwa imezama bwawani, kwa hiyo hutoka imejaa maji. Maji yakishatolewa, unyevu unabaki. Unawasha pampu inayonyonya hewa yote mpaka ndani panakuwa na ombwe, na ndani ya ombwe maji huchemka bila moto, yakawa mvuke, pampu ikauvuta nje. Kisha unafunga vali ya pampu na kutazama geji inayopima shinikizo la ndani. Sindano yake ikitulia chini, maana yake hakuna kinachogeuka mvuke ndani. Pakavu. Unafungua heliamu. Sindano ikipanda, bado kuna maji. Na maji hayatakiwi kabisa, kwa sababu miaka inavyokwenda mionzi huyavunja, yakatoa gesi inayoweza kuwaka, na yakala ile mirija tuliyotaka kuilinda.

Mwaka ule wa umeme wa zamu, pampu zetu zilikuwa zikizimika katikati ya kukausha, tukaanza upya, zikazimika tena. Papa Ilunga akafunga pampu mbili kubwa pamoja, zikavuta kwa kishindo, tukamaliza kabla ya zamu yetu ya giza. Baadaye akaona faida kubwa zaidi. "Fikiria batu banasimama karibu na kasiki ya kweli," aliniambia. "Kila saa tunapunguza, ni mionzi miili yabo haipati. Njo vile." Yaani ndivyo ilivyo. Alikuwa na haki ya kujivunia. Aliijaribu tena na tena, na kila mara sindano ilitulia. Majira ya baridi ya 2018 wateja wetu, watu wa vituo vya nyuklia, walipanga kuja kuitazama, na wakiipenda, ingekwenda kutumika kwenye kasiki halisi.

Na hapo ndipo usingizi wangu ulipokatika.

Maji yanayochemka kwenye ombwe hayana jiko. Joto la kuchemkia yanajiibia yenyewe, kama jasho linavyokupoza ngozi. Ukivuta kwa upole, chuma cha pembeni kinayaongezea joto. Ukivuta kwa kishindo, yanaweza kupoa mpaka yakaganda. Na barafu ni tulivu. Inatoa mvuke kidogo sana, sindano inakaa chini, wewe unapeana mikono na wenzako, unafungua heliamu. Siku nyingine, chombo kikiwa kimeshafungwa, barafu inayeyuka.

Siku moja baada ya jaribio nilishika bomba la kutolea maji, pale chini linapojikunja. Lilikuwa baridi kupita chuma kingine. Nikajiambia ni asubuhi ya baridi, nyasi za nje nyeupe kwa umande ulioganda, chuma chote ni baridi. Nikashika mabomba yote ya karakana kulinganisha. Sipho akauliza kama nayaaga. Bomba lile bado lilikuwa baridi zaidi.

Nikamwendea Papa Ilunga ofisini, nikafunga mlango.

"Najua barafu, Siku," alisema. "Nimeisoma ungali unanyonya. Hita ziko ndani. Haiwezi kuganda."

"Hita ziko katikati, Papa. Kona ya bomba iko mbali. Na fueli iliyokaa bwawani muda mrefu haina joto kama la hita zetu."

"Umepima ndani ya kona?"

"Hakuna kipimo ndani ya kona."

"Basi unaogopa kitu usichokipima." Kengele ya jikoni ikalia. Tukacheka wote wawili, na nikatoka nimeshindwa.

Hebu oneni akili yangu ilivyofanya kazi wiki zile. Nikinyamaza nami niko sahihi, watu watafunga maji ndani ya chombo cha kukaa vizazi. Nikisema kumbe nimekosea, nimemwaibisha mbele ya wageni mtu aliyenifundisha kila kitu, na njia ambayo ingewapunguzia mafundi mionzi itatupwa kwa sababu ya woga wangu. Na mimi kuogopa ni desturi! Nimewahi kushuka kwenye lifti kwa sababu ilinyamaza sana. Nitautofautishaje woga wenye sababu na ule niliozaliwa nao? Nilifikiria hata kuugua siku ya wageni.

Mama aliniona nikikunja kitenge kile kile kwa mara ya tatu.

"Una nini wewe?"

Nikamweleza. Hakujali barafu. Alijali adabu. "Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Unaomba chemba, mnazungumza pembeni."

"Nimeshaomba, mama. Amekataa."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Moja ni salamu. Omba tena."

"Na akikataa tena?"

Mama akanipokonya kitenge. "Akikataa umeshamheshimu. Linalobaki ni lako. Na wewe acha kujiuliza kama unaogopa. Unaogopa, sote tunajua. Jiulize unachotaka kiangaliwe ni kitu gani."

Hilo lilinisaidia kuliko vitabu. Nilichotaka kiangaliwe kilikuwa kimoja. Pampu ikiwa imezimwa, hita za nje ziwekwe kwenye bomba la chini, kona ipate joto, tusubiri, tutazame sindano. Kama ni pakavu, haitatikisika, na njia ya Papa itakuwa na nguvu zaidi. Woga hauna njia ya kupimwa, ila swali langu lilikuwa nayo. Wadogo zangu, kama mna kichwa kama changu, shikeni hapo.

Siku ya wageni Papa Ilunga alivaa tai. Wageni walikuwa wawili, mwanamume mwenye haraka na mama mmoja wa makamo asiyesema, anayeandika kila kitu. Pampu zikanguruma. Sindano ikashuka. Vali ikafungwa, pampu zikazimwa, karakana ikawa kimya. Sindano ikatulia. Mgeni mwenye haraka akaanza kuvaa koti lake.

"It is dry," Papa Ilunga akatangaza. Akanigeukia. Kazi yangu ilikuwa kufungua heliamu, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye vali.

Sikufungua. Nikawa naangalia pembeni, natafuta pa kumwitia, na hapakuwa na pa kwenda bila kila mtu kuona nimemvuta bosi. Ndipo nikagundua kwamba ndani ya karakana ile hakuna mwingine anayejua Kiswahili. Pembeni palikuwa pale pale tuliposimama.

"Papa," nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma kipimo, "naomba chemba. Tupashe moto bomba la chini kwanza, tusubiri. Ikibaki chini, mimi mwenyewe nitawaambia kwamba njia yako ni nzuri kuliko zote."

Akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Siku, batu banatuangalia. Fungua."

"Nakuomba mara ya pili, Papa. Kwa heshima."

"Na mimi nakuambia mara ya pili. Iko kavu. Fungua."

"Is there a problem?" akauliza mgeni mwenye haraka, mkono mmoja ndani ya koti.

Nikaondoa mkono kwenye vali. Nikawageukia wageni, nikasema kwa Kiingereza, polepole ili nisirudie, kwamba bado hatujathibitisha kuwa ni pakavu, kwamba inawezekana maji yameganda kwenye kona ya bomba, kwamba kuna njia rahisi ya kujua, na kwamba sitafungua heliamu kabla hatujajua.

Yule mama akaacha kuandika. Papa Ilunga alinitazama kwa muda niliouona mrefu kuliko masomo yangu yote. Kisha akavua tai, akaiweka mfukoni, akaenda mwenyewe kwenye rafu, akachukua mkanda wa hita na kuufunga kuzunguka bomba la chini, raundi kwa raundi, vizuri, kama anavyofanya kila kitu. Akauwasha. Akasimama mbele ya geji.

Tukasubiri. Sipho alileta viti, hakuna aliyeketi. Sindano ilikaa. Ikakaa. Nikaanza kutunga barua ya kuacha kazi kichwani. Nilikuwa kwenye aya ya pili sindano iliponyanyuka, kidogo, kama kope ya mtu anayeamka, kisha ikaendelea kupanda bila kurudi nyuma.

Papa Ilunga akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya puani, akasogea karibu na geji. Akanong'ona jambo la Kifaransa ambalo mama yangu asingelipenda. Halafu akacheka, kwanza kwa shida, kisha kwa kweli, mpaka mabega yakatikisika.

"Waeleze wewe," akaniambia kwa Kiswahili. "Kiingereza changu leo kimekasirika. Waambie tutavuta kwa hatua, na mkanda wa joto utakuwa sehemu ya njia. Waambie bado tutapunguza saa. Hilo usiwaache bila kuwaambia."

"Sitawaacha, Papa."

Nikafunga chupa ya heliamu, nikapangusa viganja kwenye ovaroli, nikawaomba wageni wakaribie geji, nikaanza kuwaeleza.